Pumzi Daraja la Kwanza

"Sabini na nane! Weee! Sabini na nane, jamani, na mmekaa kimya kama mpo msibani? Pigeni makofi!"

Basi wakapiga. Wapiga picha wakapiga, madereva wakapiga, mlinzi wa getini aliyekuwa ameingia kufuata feni naye akapiga. Hata mgonjwa wa kitanda cha dirishani, aliyekuwa anavuta hewa kama mtu anayenyonya uji mzito kwa mrija, akagonganisha viganja mara moja, halafu akapumzika.

Aliyekuwa anapaza sauti ni Mheshimiwa Kilangi, Waziri wa Elimu, Afya na Mambo Yanayofanana. Jina la wizara lisiwashangaze. Katika nchi ile Elimu na Afya ziliunganishwa siku Mkuu wa Nchi alipopita kwa gari mbele ya shule, halafu mbele ya zahanati, akaona kote watu wamekaa kwenye mabenchi wanasubiri. "Kumbe ni kitu kimoja," akasema, na tangu hapo ikawa kitu kimoja. Mheshimiwa Kilangi alikuwa Elimu kabla ya hapo, na alisifika sana, maana chini yake hakuna mtoto aliyefeli. Alishusha alama ya kufaulu mpaka ikabidi mtoto ajitahidi mwenyewe kuipita kwenda chini.

Aliyepata sabini na nane ni Mzee Mwinjuma, kitanda cha katikati, wodi ya mapafu. Na aliyesimama kichwani pake, chupa ya maji mkononi, kanga begani, ni binti yake, Sikudhani, mwanachuo wa mwaka wa mwisho.

Sasa kile kidude mnakijua, si ndiyo? Kile kinachobana kidole kama kibanio cha nguo, kinawaka taa nyekundu, kinasoma damu imebeba oksijeni kiasi gani. Mtu mzima wa afya yake anasoma tisini na kitu, huko juujuu. Akishuka chini ya tisini manesi wanaacha chai. Kirusi kilichokuwa kinapita nchini mwaka ule kilikuwa kinashukia moja kwa moja kwenye mapafu, kinayajaza majimaji, mpaka mtu anavuta hewa ya chumba kizima na damu haiambulii kitu. Serikali ilikiita Mafua Yenye Ari. Mzee Mwinjuma alikuwa na sabini na nane, midomo imegeuka zambarau, na Waziri alikuwa anampa mkono wa pongezi.

"Mheshimiwa," Dokta Mbwilo akasogea, miwani mkononi, "naomba kusahihisha kidogo tu. Kwa upande wa damu, sabini na nane ni..."

"Daktari, hesabu kidato cha nne ulipata ngapi?"

Dokta akaangalia viatu vyake.

"Sema tu, hapa wote ni nyumbani. Ngapi?"

"Hamsini na nne, Mheshimiwa."

"Hamsini na nne! Na tukakuvalisha koti jeupe! Leo mzee wa watu, mgonjwa, hajasoma hata ukurasa, anapata sabini na nane, na wewe unasimama mbele ya kamera kumvunja moyo?"

Wasaidizi wakacheka kwa zamu, wa cheo kikubwa kwanza. Sikudhani akafungua mdomo. Sista Koleta, nesi mkuu wa wodi, mama mnene mwenye mikono ya kukanda chapati, akambana kiunoni.

"Nyamaza, mwanangu. Aliyemsahihisha mwaka jana yuko mpakani sasa hivi anachanja mbuzi."

Sikudhani akafumba mdomo. Wala hakusikia maumivu ya kubanwa, na hilo ndilo lililokuwa limempata tangu amlete baba yake pale: vitu vilikuwa havimfikii. Chai ilimbabua ulimi asijue mpaka alipoona maganda kwenye kijiko. Watu walimwambia pole, akawajibu "ahsante, karibuni tena," kama yuko dukani. Alikuwa anaona kila kitu, anasikia kila neno, lakini kwa mbali, kama redio ya jirani.

Na mkitaja redio, basi baba yake ndiye. Mzee Mwinjuma mnamjua kwa koo, sio kwa sura. Ndiye yule mtangazaji wa mpira ambaye goli likifungwa anaanza "Gooooo," mama anasuuza sufuria, anaianika nje, anarudi ndani, "li" bado haijafika. Kuna nyumba walikuwa wanapimia muda wa kuchemsha mayai kwa pumzi yake. Sasa alikuwa anasema "Siku," anavuta hewa, "dhani," anavuta hewa, na hapo ndiyo amemaliza hotuba ya asubuhi.

Kitu kimoja tu hakuwahi kumwambia bintiye: kwa nini alimwita jina lile. Tangu yuko mdogo, kila akiuliza, mzee alikuwa anacheka. "Hiyo ni ndefu, mama. Inataka pumzi. Nitakwambia ukimaliza chuo." Na sasa, na ile hali yake, ndiyo alikuwa anataka kuisema.

"Siku... uliyo... zali..."

"Baba, tulia. Utaniambia."

"Nilikuwa... uwa..."

"Baba."

* * *

Waziri aliporudi ofisini alifurahi kupita kiasi, na yule bwana akifurahi anaandika waraka. Ukaja umelaminishwa, ukabandikwa mlango wa kila wodi. Kuanzia siku ile kipimo cha kidole kikawa Mtihani wa Taifa wa Pumzi. Themanini kwenda juu, Daraja la Kwanza la Heshima. Sabini, Daraja la Kwanza la kawaida. Sitini, mgonjwa ameonyesha bidii. Hamsini, amefaulu, arudi nyumbani akaendelee na shughuli za uzalishaji mali. Chini ya hamsini anarudia, yaani anapelekwa mpaka getini na kitanda chake, anasajiliwa upya kama hajawahi kufika.

Waliokufa waliitwa wahitimu.

Yaani hivyo hivyo. "Yule wa kitanda cha dirishani amehitimu leo alfajiri," Sista Koleta alisema, anakunja shuka, na uso wake haukuonyesha kitu. Wakaja vijana wa wizara wakamvalisha joho jeusi na kofia yake bapa, kamba ya kofia wakaihamisha kutoka kulia kwenda kushoto, wakamsukuma taratibu kwenye korido, na mmoja akawa anaimba wimbo wa chuo kwa sauti ya chini, kwa adabu. Chuoni kwa kina Sikudhani mahafali yao yaliahirishwa mwezi ule ule. Majoho yote yalikuwa yanahitajika hospitalini.

Alikuwa ameshapaka rangi kucha kwa ajili ya hayo mahafali, zambarau iliyokolea, ya kung'aa. Akawa nazo hivyo hivyo, kitandani kwa baba yake, zinang'aa bure.

Ikaja sasa habari ya mitungi. Oksijeni nchi ile haikuwa haipo, msije mkaisema vibaya. Ilikuwapo. Ila mitungi mingi ilikuwa imepakwa rangi za bendera kwa ajili ya gwaride la Sherehe za Nchi Inapumua, na mtungi ukishapakwa rangi za bendera hauruhusiwi kuguswa na mtu aliyelala. Iliyobaki ikawa michache, na swali likawa apewe nani.

Dokta Mbwilo alipendekeza wapewe wale wenye namba za chini kabisa. Mheshimiwa Kilangi alimsikiliza kwenye simu, wodi nzima inasikia maana Dokta aliweka sauti ya nje ili awe na mashahidi.

"Yaani zawadi nimpe wa mwisho darasani?"

"Sio zawadi, Mheshimiwa, ni matibabu. Wa mwisho ndiye anayekosa hewa."

"Anakosa kwa sababu gani? Hewa si ni bure? Wenzake si wanavuta hiyo hiyo?"

"Mapafu yake yamejaa maji, Mheshimiwa."

"Ndiyo hayo. Kila aliyefeli ana sababu. Mimi nimekaa Elimu miaka, usinifundishe visingizio. Mtungi atapewa anayeongoza, ili wengine waone wivu wa maendeleo."

Basi mtungi wa kwanza akapewa Bwana Chambuso. Huyu bwana hakuwa mgonjwa. Alikuja kumletea mdogo wake mtori, akakaa pembeni ya kitanda, msimamizi wa mtihani akapita akambana kidole, akasoma tisini na nane. Akashangiliwa, akavalishwa taji la maua ya plastiki, akapakiziwa mtungi kwenye pikipiki. Ana karakana yake ya kuchomelea mageti, kule ule mtungi ukamfaa sana, na geti la kwanza alilolichomelea alilipeleka bure hospitali kwa shukrani. Mdogo wake akahitimu kabla halijafungwa.

Habari zikaenea mtaani, na kesho yake wodi ya mapafu ikajaa watu wazima wa afya, wametoka kukimbia mazoezi, wanashindana kulala. Wagonjwa wakaanza kukosa vitanda kwa kuwa hawakidhi vigezo.

* * *

Sasa Sista Koleta alikuwa na njia yake, na wala haikuhitaji mtungi.

"Shika mabega, mimi nashika kiuno," akamwambia Sikudhani. "Tunamgeuza. Mzee wangu, unakwenda kulala kifudifudi, sawa? Mapafu yako ya nyuma yamelaliwa na mwili, ukilala chali yanabanwa. Tukikugeuza yanafunguka."

"Kama... mto... to," mzee akasema.

"Kama mtoto, ndiyo, na ukinijambia nakurudisha."

Wakamgeuza, wakamwekea mto kifuani na mwingine chini ya nyonga, uso umeelekea pembeni. Sikudhani akabana kidude kidoleni, akasubiri. Sabini na tisa. Themanini na moja. Ikapanda, ikapanda, ikatulia themanini na sita. Midomo ikaanza kurudi rangi yake. Sikudhani akaangalia ile namba, akajua kwamba hapa mtu anatakiwa afurahi, akasubiri afurahi, haikuja. Akaweka mkono mgongoni kwa baba yake ukawa unapanda na kushuka nao.

Filimbi ikalia.

Kila wodi ilikuwa imepewa msimamizi wa mtihani, na wao walipewa Madamu Felisia, mwalimu wa nidhamu mstaafu, sketi mpaka kwenye soli, filimbi shingoni. Siku ya kwanza tu alikuwa ameshatenganisha vitanda ili wagonjwa wasiibiane pumzi.

"Nani kamruhusu huyu mtahiniwa kulala?"

"Madamu, hapa ni hospitali," Sista Koleta akasema. "Wote wamelala."

"Wamelala macho juu. Huyu ameinamisha uso. Kuinamisha uso ndani ya chumba cha mtihani ni kusinzia, kususa, au kutazamia kwa jirani. Nimesimamia miaka yote, sijawahi kuona anayeinama kwa nia njema."

"Lakini amepanda, Madamu, hebu ona mwenyewe, themanini na sita!"

"Ndiyo nashangaa. Asubuhi sabini na nane, sasa themanini na sita, na amejificha uso. Wewe ungekuwa mimi ungefikiria nini?"

Ikabidi wamrudishe chali. Madamu Felisia alisimama pale pale, mikono nyuma, mpaka wakamaliza, kisha akamvuta mzee shuka vizuri, akampigapiga shavuni. "Kwa bidii yako mwenyewe, babu. Matokeo ya haki ndiyo matamu."

Kidude kikasoma sabini na nne. Halafu sabini na moja. Mzee hakujaribu tena kusema kitu. Alikuwa anamwangalia bintiye, kope zinapepesa, shingo inaingia ndani kila anapovuta, na zile mbavu za pembeni zinachora mistari.

"Sista," Sikudhani akasema, "akiendelea hivi?"

Sista Koleta akageuza kichwa. Alikuwa anaangalia mlangoni. Vijana wa wizara walikuwa wameegemea ukuta na joho mkononi, wanaongea mambo ya mpira.

* * *

Lile wazo halikuja kama wazo. Sikudhani alikuwa amekaa tu, kidude kimemkaa mkononi, akakibana kidoleni kwake kama mtu anavyochezea ufunguo. Hakikusoma kitu, kilileta vistari tu, kwa sababu ya ile rangi ya mahafali. Akaikwangua kwa meno. Akatema vipande vya zambarau kwenye kanga. Akabana tena.

Tisini na tisa.

Akaiangalia kwa muda mrefu. Tisini na tisa zilizokaa tu, hazina kazi yoyote, hazimsaidii mtu. Akaangalia kanzu ya baba yake, ile pana ya Ijumaa, mkono wake mpana unaingia watu wawili.

"Sista Koleta."

"Sema."

"Mgonjwa akishindwa kukaa mwenyewe, ndugu anaruhusiwa kumshikilia kwa nyuma?"

Sista akamwangalia. Akaiangalia kanzu. Akaangalia kile kidole kimoja kisicho na rangi.

"Waraka haujakataza," akasema. "Ngoja nikakuletee kanga nyingine, hiyo umeitemea."

Msimamizi alipopita kwenye mzunguko wa mchana alimkuta Mzee Mwinjuma amekaa, ameegemea kifua cha binti yake, kanga kubwa imewafunika wote mpaka shingoni. Kutoka kwenye mkono wa kanzu kimechomoza kiganja. Kiganja chenyewe cha mzee kilikuwa kimekunjwa ndani, tumboni, kimeshika mkono wa bintiye juu ya kiwiko kama mtu anayeshika bomba la basi akiogopa kuanguka.

"Mtahiniwa, kidole," Madamu Felisia akasema.

Kidole kikatoka. Akakibana. Akainama, akakitazama kwa karibu.

"Babu una ngozi laini."

"Alikuwa mtangazaji, Madamu," Sista Koleta akadakia. "Hawashiki jembe wale."

"Na hii zambarau pembeni ya kucha?"

"Si ndiyo ugonjwa wenyewe huo, Madamu! Dalili zake hizo, vidole kuwa zambarau."

Yule mama akatikisa kichwa kwa huruma, maana hata yeye alikuwa binadamu. Halafu akaiona namba. Akavua miwani. Akaivaa. Akapuliza filimbi kwa nguvu mpaka vijana wa joho wakasimama wima.

"Tisini na tisa! Wa kwanza kitaifa!"

Wodi ikalipuka kwa makofi. Sikudhani alihisi kwa mgongo wa mzee, uliobanwa kifuani mwake, kwamba baba yake alikuwa anacheka. Au anakohoa. Au anakata roho. Hakuweza kutofautisha, na hakuuliza.

* * *

Tatizo la zawadi ni kwamba haifunguliwi mpaka mgeni rasmi afike.

Mtungi uliletwa mapema, mrefu, mweusi, shingo nyeupe, umefungwa utepe mwekundu wenye ua kubwa. Ukawekwa hatua chache kutoka kitandani kwa mzee. Dokta Mbwilo akaomba auunganishe wakati wanasubiri. Madamu Felisia akamuuliza kama harusini kwao wanakula keki kabla ya bibi harusi kufika. Basi wakakaa wanautazama, na mzee akawa anautazama, na ule utepe ukawa unapepea kidogo kwa upepo wa feni.

Mheshimiwa Kilangi akafika na msafara wake, redio ya taifa, na kikohozi. Amevaa suti ya bluu, jasho linamtiririka, kila sentensi anaikata katikati kwa kukohoa, na kila akikohoa wasaidizi wanapiga makofi wakidhani ni msisitizo.

"Wananchi! Leo tunaandika historia! Wenye wivu walisema... walisema nchi hii haina hewa. Nawauliza: hii ni nini?"

Akakata utepe. Akashika koki ya mtungi, akaizungusha. Sssssss, ikatoka. Akasogeza kipaza sauti cha redio karibu.

"Isikieni! Hiyo ndiyo sauti ya... ya maendeleo!"

Na akaendelea na hotuba, mkono juu ya koki, koki iko wazi.

Sikudhani alikuwa nyuma ya baba yake, mkono ndani ya kanzu. Mbele yake kulikuwa na geji ya mtungi, kijisaa kidogo chenye mshale. Mshale ulikuwa kwenye kijani. Waziri akazungumzia utoto wake, jinsi alivyokuwa anatembea kwenda shule bila viatu. Mshale ukasogea. Akazungumzia nchi jirani, ambazo kwa maoni yake zinapumua kwa kutegemea wafadhili. Mshale ukasogea. Akamshukuru Mkuu wa Nchi, akamshukuru mke wa Mkuu wa Nchi, akaanza kuwashukuru watoto kwa majina. Sssssss. Mkono wa mzee uliokuwa umemshika juu ya kiwiko ukalegea kidogo, halafu ukalegea tena.

Mtangazaji kijana wa redio akainama kitandani. "Mzee wetu, sisi wote tumekulia kwenye sauti yako. Tupe ile 'goli' moja tu, taifa lisikie!"

"Anaitunza," Sikudhani akasema. "Kuna mashindano ya kimataifa."

Alishangaa kuisikia sauti yake. Ilikuwa shwari, kama ya mtu anayesoma tangazo la kupotea kwa mbuzi. Na kwa kuwa ilikuwa imeshatoka, akaiacha iendelee.

"Mheshimiwa, naomba nafasi."

Waziri akageuka. Hapendi kukatishwa, ila kamera zilikuwa zinawaka.

"Mheshimiwa, sisi wananchi tumepimwa wote. Tumeonyesha uwezo wetu. Tungependa na kiongozi wetu atuonyeshe wa kwake. Taifa lisikie."

Wasaidizi wakaangaliana, hawajui kama hapo wanapiga makofi au wanamkamata. Mheshimiwa Kilangi akatabasamu.

"Binti mwerevu! Leteni kidude!"

Na ili anyooshe kidole, ikabidi aachie koki. Hapo hapo Sista Koleta akajitupa kwenye ule mtungi kama mama anayewahi maziwa yanayochemka, akaifunga. Mshale ukasimama kwenye ncha ya nyekundu.

Madamu Felisia akambana Waziri kidole kwa heshima zote. Wakasubiri. Mzee Mwinjuma alikuwa hajafumba macho.

"Themanini," Madamu akasoma.

Dokta Mbwilo akapiga hatua mbele, uso umebadilika, maana pamoja na yote alikuwa daktari. "Mheshimiwa, nakuomba, hapa hapa ulale. Themanini ni..."

"Themanini!" Waziri akapiga kelele, macho yamejaa machozi. "Themanini! Jamani, mimi! Sijawahi kupata themanini tangu nizaliwe!"

Sasa hapo makofi yalikuwa yenyewe. Wasaidizi wakamnyanyua mabegani, midomo yake inageuka zambarau taratibu, kichwa kinaning'inia kidogo upande kwa furaha. Dokta Mbwilo akawakimbilia mpaka mlangoni anashika mguu mmoja. "Apewe oksijeni! Mnasikia? Hata kidogo!"

"Mtu wa themanini?" msaidizi mkuu akamjibu. "Unataka itangazwe kwamba Waziri amefeli?"

Dokta akaachia mguu. "Basi hongera," akasema, kwa sauti ndogo sana.

Msafara ukaondoka na ving'ora. Ulikwenda polepole kwanza, kama unavyokwenda siku zote. Halafu wakausikia unaongeza kasi, unaongeza, mpaka ukapotea. Vijana wawili wa joho wakaangaliana, wakachukua lile joho walilokuwa wameshika, wakaufuata kwa miguu.

* * *

Sista Koleta aliunganisha mpira, akamvalisha mzee barakoa ya plastiki, akafungua koki kidogo, kwa vidole viwili. Madamu Felisia alikuwa ametoka nje kupunga mkono. "Haya, upesi," Sista akasema, na wakamgeuza kifudifudi, mto kifuani, mto nyongani.

Safari hii Sikudhani alimbana kidude baba yake mwenyewe, kidole chake mwenyewe. Sabini na mbili. Sabini na tisa. Akawa haangalii namba tena, anaangalia midomo. Themanini na nane. Tisini. Ikakaa hapo. Tisini halali, hazina ndugu ndani yake.

Mshale wa geji ulikuwa kwenye nyekundu, umegusa ule mstari mwembamba ambao baada yake hamna kitu. Nje, kwenye uwanja wa gwaride, mitungi ya rangi za bendera ilikuwa imepangwa inasubiri sherehe. Madamu Felisia alikuwa ameshasema kwamba anayeongoza kitaifa anapimwa upya kila asubuhi ili kuthibitisha. Sikudhani akakwangua kucha ya pili, kwa tahadhari.

"Siku uliyozaliwa," mzee akasema ndani ya barakoa.

Akageuka kumwangalia. Yalikuwa maneno mawili, na hayakuwa yamekatika.

"Siku uliyozaliwa nilikuwa uwanjani, natangaza. Timu yetu iko nyuma, watu wameshaanza kutoka. Akaja kijana mmoja wa redio, ananiwekea kikaratasi mbele yangu, na mimi hapo hapo naona mpira unakwenda golini..."

"Mzee Mwinjuma!" Sista Koleta akamkaripia. "Hiyo oksijeni ni ya kupumua, sio ya kutangazia! Ukimaliza mtungi kwa hadithi mimi nitakupa nini?"

Mzee akanyamaza. Jicho lake moja, lile lililokuwa halijazibwa na mto, likamtafuta bintiye.

"Kilikuwa kimeandikwa nini, baba?"

Akavuta. Mgongo ukapanda, taratibu, mpaka juu, ukashuka. Sikudhani alihisi kitu kinamwasha ulimini, pale chai ilipombabua juzi, kinauma kwelikweli.

"Tulia, mama," mzee akasema. "Iliyobaki nitakwambia kesho."

Sentensi hiyo akaisema yote kwa pumzi moja.